Maneno ya Wakati Yanayorudiwa katika Kingereza



Mtu mmoja aliyesoma zamani katika kalasi yangu alikwenda kukaa miaka miwili katika inchi ya jirani, pahali wanapofundisha kwa Kingereza. Sitataja jina lake wala mji alimokaa. Siku moja alijisikia vibaya, akaenda kwa munganga. Homa ilikuwa ikimshika mara tatu ao nne kila juma, na usiku alitoka jasho hata shuka ikalowa. Kabla ya kuingia alipewa karatasi ajaze: ugonjwa gani, tangu lini, unakuja namna gani? Yeye akawaza kwanza kwa Kiswahili: « Homa inanishika mara kwa mara. » Kisha akatafuta maneno ya Kingereza, akaandika: « I have fever from time to time. » Alifurahi, kwa maana hakuona kosa. Na kweli, kosa la sarufi halikuwamo.

Munganga akasoma karatasi. Akampa vidonge vya kutuliza maumivu, akamwambia anywe maji mengi, na arudi kama hali itazidi. Yule ndugu akaona kwamba anadharauliwa, lakini akanyamaza kwa heshima, akarudi chumbani mwake. Majuma matano baadaye wenzake walimpeleka wakimshika mikono, miguu imekwisha nguvu. Munganga wa pili hakumpa karatasi, alimwuliza kwa mdomo: « Kwa juma moja, mara ngapi? » Akajibu: « Mara tatu, mara nne. » Munganga akatazama ile karatasi ya kwanza, akamtazama mgonjwa, akasema: « Lakini hapa uliandika kwamba inakujia mara moja moja tu! »

Alipona. Aliponisimulia habari hii alicheka sana. Mimi sikucheka sana, sababu ni mimi niliyemfundisha Kingereza, na ni mkono wangu ulioandika ubaoni « from time to time » upande mmoja, na « mara kwa mara » upande wa pili. Basi haya ninayoandika ni deni ninalolipa.

Tena siyo habari ya mtu mmoja. Tarehe 8 Aprili 2022, Nairobi, inchi yetu ilitia sahihi mapatano ya kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu mwezi wa saba wa mwaka ule ni memba kamili. Wanaokwenda kusoma, kufanya biashara ao kutafuta matunzo Nairobi, Kampala na Arusha ni wengi, na huko barua, karatasi za ofisi na za hospitali mara nyingi zinaandikwa kwa Kingereza. Kilatini tunafundishwa kwa sarufi, polepole, kwa fimbo ya maneno. Kifransa tunakinywa shuleni. Kingereza wengi wetu tunakiokota njiani, nusu kwa redio na nusu kwa kufananisha neno kwa neno. Na pahali ambapo kufananisha neno kwa neno kunatupotosha kuliko pengine, ni haya maneno ya wakati ambayo Wangereza huyasema mara mbili ili kuyatia nguvu.

Tuanze nyumbani. Kiswahili kinarudia maneno bila taabu. Tunasema polepole, mbiombio, sawasawa, wawili wawili, zamani zamani. Hatuhitaji kitu cha kuyaunganisha. Tunaweka neno, tunaliweka tena, basi. Lakini angalieni: kurudia si kuongeza nguvu kila mara. Mtoto anayelia, analia kweli. Mtoto anayelialia, mama yake hainuki mbiombio. Maji ni maji. Kitu cha majimaji kina maji kidogo tu ndani yake. Hata katika lugha yetu wenyewe, basi, neno lililorudiwa laweza kukuza ao kupunguza, na mwenye lugha anajua bila kufundishwa.

Lugha za Maandiko nazo zinarudia. Kiebrania, kikitaka kusema « kila siku », chaweza kusema tu « siku siku », bila neno lingine kati. Ndivyo ilivyoandikwa katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, juu ya mke wa Potifari aliyemsumbua Yosefu. Mtakatifu Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 4, ameandika kwa Kigriki « siku na siku », na Kilatini kikageuza « de die in diem ». Waseminari wanaijua ile « de » na ile « in ». Kilatini hakikupenda kuweka siku mbili uchi, moja kando ya nyingine. Kilitaka kuonyesha njia toka moja kufika nyingine.

Kingereza kinafanya kama Kilatini. Kikirudia neno la wakati, karibu kila mara kinaweka neno dogo katikati. Na sisi tunasoma yale maneno makubwa mawili, « day » na « day », siku na siku, tunafikiri tumekwisha kuelewa, na lile neno dogo tunalihesabu kama msumari unaounganisha mbao mbili. Hapo ndipo tunapokosa. Neno la siku limerudiwa, ndiyo, nalo linatia nguvu. Lakini ni neno dogo linalosema nguvu ile inaelekea upande gani. Badilisha neno dogo, na umekwisha kusema jambo lingine.

Tazameni kwanza « day by day ». Neno « by » tangu zamani lilisema « kando ya ». Wangereza wanalitumia kwa vitu vinavyokwenda kwa vipimo vidogo: « one by one » ni mmoja mmoja, « step by step » ni hatua kwa hatua, « little by little » ni kidogo kidogo. Basi « day by day » ni habari ya kitu kinachobadilika, na kila siku inaleta sehemu yake ndogo. Mtoto anakua « day by day ». Mgonjwa anapata nguvu « day by day ». Mto unakula ukingo wake « year by year », mwaka kwa mwaka. Kama hakuna kinachoongezeka wala kinachopungua, neno hili halina kazi. Ukisema mvua ilinyesha « day by day », Mungereza atakuelewa, lakini atangojea uendelee: je, maji yalipanda? ukuta ulianza kuanguka?

Kwa ile mvua yeye atasema « day after day ». Neno « after » ni « nyuma ya, baada ya ». Fikirini watu wanaopita njia nyembamba ya porini: mmoja mbele, wa pili nyuma yake, wa tatu nyuma ya wa pili, na wote wamebeba mzigo mmoja. Hizo ndizo siku za « day after day ». Hakuna kinachobadilika, leo ni kama jana, na anayetazama anachoka kuhesabu. Mama aliyekwenda gerezani kumpelekea mwanawe chakula « day after day » hakuleta zaidi leo kuliko jana. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Neno hili laweza kusifu kama huyu mama anavyosifiwa, na laweza kulaumu, kama mtu anayeleta uongo ule ule « week after week », juma baada ya juma. Maneno yanayozunguka ndiyo yanayoamua.

Kuna tena « day in, day out ». Hapa siku ni kama mtu anayepita mlangoni: inaingia, inatoka. Waswahili wa pwani wana usemi ulio ndugu yake kabisa: siku nenda, siku rudi. Ninaupenda sana ufanano huu, maana hakuna aliyemwiga mwenzake. Watu wawili walio mbali waliona kitu kimoja. Tofauti na « day after day » ni ndogo, lakini ipo. Katika « day in, day out » hakuna nafasi ya kupumzika, na mara nyingi msemaji amechoka ao anamhurumia aliyechoka. Twasema hivi kwa siku, juma, mwezi na mwaka. Kwa saa na dakika Wangereza hawana desturi ya kusema hivyo.

Lakini neno dogo linalopendwa kuliko yote katika mazungumzo ni « and », yaani « na ». Hapo kuna sharti: neno la wakati lazima liwe katika wingi. « Days and days », « hours and hours », « years and years ». Mbele yake mara nyingi wanaweka « for »: « for years and years ». Hii siyo safu ya watu njiani, ni lundo. Mtu anamwaga siku juu ya siku kama mihogo sokoni, wala hataki uzihesabu. Yule aliyengoja ofisini saa tatu atasema amengoja « for hours and hours ». Si mwongo, anakuonyesha uchovu wake, siyo saa yake. Kifransa kinafanya vivyo hivyo na « des heures et des heures », kwa hiyo hapa Kifransa kinatusaidia. Sikilizeni namna wanavyolitamka: ile « and » inamezwa, inabaki karibu « n » tu, na nguvu yote ya sauti inapiga maneno mawili makubwa. Mwanafunzi anayetamka maneno matatu kwa nguvu moja anapoteza kitu kile kile alichotaka kutia.

« And » yaweza kuunganisha hata maneno yasiyo katika wingi. Katika mchezo wa Macbeth, ambao Shakespeare aliuandika karibu na mwaka 1606, mfalme anapoambiwa kwamba mke wake amekufa, anataja neno la kesho mara tatu, na katikati ameweka « and ». Hapo si lundo tena. Ni mtu anayeona kesho zikija bila kumletea kitu. Lakini huyo ni mshairi. Wewe unayeandika barua ya kuomba nafasi ya shule usijaribu.

Sasa tunafika kwa « from… to… », toka… hata… Hapa Kifransa, badala ya kutusaidia, kinatutega. Tumezoea « de jour en jour », nasi tunaona « from day to day » kama ndugu yake pacha: « de » ni « from », « en » ni « to ». Siyo hivyo. Mtoto anayekua « de jour en jour », kwa Kingereza anakua « day by day ». « From day to day » huwa kwa kitu kinachogeuka bila mpango: leo hivi, kesho vile. Bei ya unga inabadilika « from day to day ». Tena wanasema mtu anaishi « from day to day » kama hana akiba wala hajui atakula nini kesho; Kifransa kinasema hapo « au jour le jour ». Wazo la « from… to… » ni kuruka: mguu hapa, mguu pale, na katikati kuna nafasi. Kumbukeni nafasi ile, maana ndiyo iliyomlaza kitandani yule ndugu yetu.

Kingereza kina neno moja, « time », kwa mambo ambayo sisi tunayatenga. Kiswahili kina « wakati » na kina « mara ». Kifransa kina « temps » na « fois ». Kilatini kina « tempus », na kwa kuhesabu mara kina maneno mengine. Mungereza anasema « time » kwa wakati unaopita, na « three times » kwa mara tatu. Anapolirudia neno hili, tunapaswa kujiuliza kwanza ni « time » gani anayoisema.

« Time after time », « time and again », « time and time again »: katika haya yote « time » ni mara. Mara nyuma ya mara, mara na tena. Maana yake ni mara nyingi, nyingi kupita subira. Baba anamwambia mwanawe: nimekukataza « time and again ». Lakini katika « from time to time », « time » ni wakati. Toka wakati mmoja kuruka hata wakati mwingine, na katikati kuna nafasi kubwa isiyo na kitu. Maana yake ni mara moja moja, pengine na pengine, kama Kifransa « de temps en temps ». Maneno yote yanarudia neno lile lile, lakini ya kwanza yanaongeza na la mwisho linapunguza. Ni kama kulia na kulialia.

Na Kiswahili chetu? « Mara kwa mara » ni neno la hatari, ninaungama. Kwa wengi wetu ni « mara nyingi ». Lakini nimesikia wengine, hata katika kijiji kimoja, wakilitumia kwa maana ya « mara moja moja ». Katika mazungumzo hakuna shida, maana tunaona uso wa msemaji na tunaweza kumwuliza. Katika karatasi ya munganga hakuna uso. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba « mara kwa mara » ni sawa na « from time to time » hajasema uongo kamili. Amesema nusu, na nusu ile ilitosha kuleta majuma matano ya homa.

Kuna mtego mwingine wa namna ile ile. « Again » maana yake ni « tena ». « Again and again », tena na tena, ni mara nyingi. « Now and again », sasa na tena, ni mara moja moja! Nalo lina ndugu: « now and then ». Mwanafunzi akiona « again » anafikiri amekutana na rafiki, kumbe rafiki amevaa nguo ya mtu mwingine. Hapa sina kanuni ya kuwapa. Lazima kushika kwa kichwa: « again » akiwa na « again » mwenzake, ni nyingi, akiwa na « now », ni chache.

« Over and over » ni karibu sawa na « again and again », ila hili lasema zaidi juu ya kazi ao maneno yanayorudiwa yale yale: kusoma ukurasa ule ule, kuimba mstari ule ule hata sauti ikae sawa. Wengi wanaongeza « again » nyuma yake, bila kubadili maana.

Mahali pachache Kingereza kinaweka maneno mawili bila neno dogo, kama sisi. Ni « long, long ago », zamani sana sana, kwa kuanzia hadithi, na « a long, long time », wakati mrefu mrefu. Vilevile « never, never », hata kidogo, hata siku moja. Hapo hakuna mtego. Anayesema hivyo anavuta sauti, basi.

Sasa neno ambalo sisi wa seminari tunalikuta kila siku: « for ever and ever ». Kwa Kiswahili tunasema milele na milele. Mtu aweza kuuliza: kama « for ever » ni milele, ni nini tena inayobaki ya kuongeza? Milele haina mwisho, na kisicho na mwisho hakirefushwi. Ni kweli kwa hesabu. Lakini usemi huu haukuzaliwa katika Kingereza. Umetoka kwa Kiebrania na Kigriki, ukapita katika Kilatini « in saecula saeculorum », yaani katika nyakati za nyakati. Kiebrania hutia nguvu hivyo: kikitaka kutaja wimbo unaopita nyimbo zote, chasema wimbo wa nyimbo, na wakati unaopita nyakati zote, wakati wa nyakati.

Wangereza wa kale, kabla Wanormandi hawajawashinda mwaka 1066, waliugeuza usemi huu neno kwa neno: « worulda woruld ». Lile « woruld » ndilo « world » la leo, yaani dunia. Je, walisema « dunia ya dunia »? Hapana. Neno lile limeundwa na maneno mawili ya zamani: moja ni mtu mume, la pili ni umri. Mwanzoni lilisema umri wa watu, kizazi, wakati wa wanadamu. Baadaye likahamia kwa pahali wanapokaa watu hao. Ndiyo sababu katika kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1549, na mpaka leo, pale sisi tunaposema « milele » wao wanasema « world without end ». Mseminari mmoja aliniletea maneno haya akiwa na wasiwasi: dunia isiyo na mwisho? Na katekisimu yafundisha kwamba dunia itakwisha! Nikamjibu kwamba hapo « world » imehifadhi maana yake ya uzee: ni wakati usio na mwisho, siyo dunia isiyo na mwisho. Tena Kilatini chenyewe kilipita njia ile ile, maana « saeculum » ni wakati na ni ulimwengu. Mapadri wa jimbo wanaitwa kwa Kifransa « séculiers », na hakuna anayefikiri kwamba ni juu ya umri wao.

Katika maneno ya kila siku « for ever » limeshuka bei. Mtu aliyengoja gari nusu saa atasema amengoja « for ever ». Wamarekani wanaliandika neno moja, « forever ». Wangereza wengi wanaandika maneno mawili. Yote ni sawa, lakini katika barua moja usichanganye.

Niseme neno moja juu ya « by and by », kwa sababu wanaosoma Biblia ya Kingereza ya zamani watalikuta. Ile iliyotolewa mwaka 1611, katika Marko sura ya 6, inamwonyesha binti wa Herodia akiomba kichwa cha Yoane Mbatizaji, na inasema anakitaka « by and by ». Msomaji wa leo anaelewa: baadaye, kwa nafasi, si haraka. Binti mwenye subira! Kumbe wakati ule « by and by » ilisema « mara moja, sasa hivi ». Watu walisema « sasa hivi » na wakachelewa, wakasema tena na wakachelewa, hata neno lenyewe likachelewa nao. Nadhani sisi Wakongo hatuwezi kuwacheka.

Makosa ya sarufi sitayaandika mengi, ila moja halina budi. Maneno haya hayapendi « the ». Wanaosoma Kifransa wanazoea kuweka « le » na « la » kila pahali, basi wanaandika « the day after the day ». Lakini « the day after », pamoja na « the », ni kesho yake tu, siku moja inayofuata. Ukiandika kwamba ulimngoja Baba Askofu « day after day », ulimngoja siku nyingi. Ukiandika kwamba alifika « the day after », alifika kesho yake. Na « the day after tomorrow » ni kesho kutwa. Nilimwona mtu aliyekosa basi kwa sababu ya jambo hili. Vilevile usiweke « every » mbele: « every day » ni kila siku, nayo inatosha peke yake; « every day after day » hakuna.

Mtaniuliza: katika barua ya ofisi tutumie lipi? Ninajibu: machache iwezekanavyo. « Day by day » na « year after year » zaweza kukaa katika barua yoyote bila aibu. « Years and years », « hours and hours » ni maneno ya mdomo. Mkubwa anayeyasoma anasikia mtu anayelalamika, hata kama hukutaka kulalamika. « Time and time again » katika barua kwa mkubwa ni karibu na kumgombeza. Pale andika « often », mara nyingi, ao « for many years », kwa miaka mingi. Maneno haya hayana nguvu ya ngoma, lakini hayamkasirishi mtu.

Na kwa munganga? Nilipoanza kuandika makala haya nilitaka kusema kwamba yule ndugu angeandika « again and again ». Nilimwonyesha karatasi yangu, naye akakataa. Aliniambia kwamba munganga wa pili alimfundisha jambo moja kabla ya kumruhusu kutoka: kuandika « three or four times a week », mara tatu ao nne kwa juma, na tarehe homa ilipoanza. Neno lililorudiwa, akasema, linamwonyesha munganga kwamba umechoka. Hesabu inamwonyesha una nini. Basi nimefuta mstari wangu wa ubaoni, na kwa kalasi ya mwaka huu nimeandika mistari miwili: mbele ya « from time to time » nimeweka « mara moja moja », na mbele ya « mara kwa mara » nimeweka alama ya kuuliza.